Bosi anataka niache kazi, kisha anipe kazi ileile: nisaini?

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 43, baba wa watoto watatu, naishi Tabata. Kwa miaka 12 nimekuwa mbunifu wa matangazo katika kampuni moja hapa Dar es Salaam. Nimefanya mabango ya barabarani, vipeperushi, kalenda, vifungashio, kurasa za magazeti, na siku hizi zaidi vile vipicha vya kuweka mitandaoni. Nilipoingia tulikuwa watu saba kwenye chumba cha ubunifu. Leo tumebaki wawili, mimi na kijana wa miaka 24 aliyeletwa mwaka jana.

Kijana mwenyewe hana ubaya. Ananiita bro, na asubuhi akipita kwa mama ntilie ananiletea chapati. Lakini bango linalonichukua siku nzima yeye analimaliza kabla ya saa sita mchana, kwa Canva na hizi programu za akili mnemba unazoziandikia maneno zikakuletea picha. Bosi naye ameshazizoea. Juzi kaja na picha ya mama muuza matunda aliyoitengeneza kwenye simu akiwa kwenye foleni ya Mwenge, akanionyesha na kusema, "Unaona? Dakika mbili." Yule mama alikuwa na vidole sita mkono wa kushoto. Nikafuta kidole cha ziada, mteja akalipenda tangazo, likatoka. Sikuwa na la kusema.

Wiki iliyopita meneja aliniita. Kampuni inabadilisha mfumo, akasema. Niandike barua ya kuacha kazi kwa hiari, nipewe mshahara wa mwezi mmoja kama shukrani, kisha nisaini mkataba wa huduma wa miezi sita. Nitakaa kiti kilekile, nitaingia saa mbili na kutoka saa kumi na moja kama kawaida, ila nitalipwa kwa ankara, bila mchango wa hifadhi ya jamii wa NSSF wala bima ya afya. Jibu linatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Na kabla ya hapo nimfundishe kijana "kila kitu", hadi namna ya kuandaa kazi za kupeleka kiwandani kuchapwa.

Kuna jambo linaniuma kuliko hilo. Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa kuandika mabango kwa brashi, Buguruni. Saluni, maduka ya dawa, vibanda vya chipsi, ubavu wa magari. Kabla ya kushika brashi alikuwa anavuka barabara kwanza, anasimama upande wa pili, anautazama ukuta kwa muda mrefu. Sisi watoto tulikuwa tunamsubiri na mikebe ya rangi. Zilipokuja mashine za kuprinti mabango kwenye turubai, kazi ikakata ndani ya miaka michache. Aliishia kukaa barazani, brashi zimekauka. Mimi nilisoma kompyuta ili yasinikute yaliyomkuta yeye. Naona yamenifuata.

Mke wangu anasema nisaini, nusu shari kuliko shari kamili. Rafiki yangu anasema kijana nimfiche ujuzi ili waendelee kunihitaji. Mimi nafikiria kuachana na fani nifungue duka la vifaa vya ujenzi, ingawa sijui hata bei ya nondo. Shangazi, mtu wa miaka 43 bado ana maisha katika ubunifu?

Mbunifu, Tabata.

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na umpe pole mama watoto, maana mzigo huu mnaubeba wawili.

Nianze na ile karatasi kwa sababu ndiyo yenye tarehe. Usiandike barua ya kuacha kazi. Mkataba wa huduma tunaweza kuuzungumza, nami nitauzungumza hapa chini. Barua ya kuacha kazi kwa hiari, hapana, kwa kuwa hiari hiyo haipo.

Angalia unachoombwa kukiacha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mwajiri akitaka kupunguza watu kwa sababu za kibiashara, kama fedha, muundo au teknolojia, ana hatua za kufuata. Anatoa taarifa mapema, anaeleza sababu, anajadiliana nanyi njia za kuepuka au kupunguza hilo zoezi, na anasema kwa vigezo gani amemchagua huyu akamwacha yule. Hayo yako kifungu cha 38. Akishakuachisha, unastahili notisi ya siku 28 au malipo yake, likizo ambazo hukuchukua, na kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Wewe una 12, kwa hiyo zinahesabiwa 10. Ni siku 70. Hiyo peke yake ni zaidi ya mishahara miwili, wakati wao wanakupa mmoja na kuuita shukrani.

Bado kuna NSSF. Mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 akipoteza kazi kuna fao la upotevu wa ajira, ambalo ni sehemu ya mshahara wake kwa miezi isiyozidi sita. Anayeacha kazi kwa hiari yake hana fao hilo. Umeona mstari mmoja wa barua unavyoweza kukugharimu? Na ukishauandika kwa mkono wako, siku ukisema ulilazimishwa, ni wewe utakayetakiwa kuthibitisha.

Kwa hiyo Jumatatu mwandikie meneja barua fupi yenye adabu. Mshukuru kwa mazungumzo ya tarehe fulani, mweleze kwamba huna nia ya kuacha kazi, na kwamba kama kampuni inapunguza wafanyakazi uko tayari kushiriki katika mashauriano kwa utaratibu wa sheria. Baki na nakala iliyosainiwa kupokelewa. Usigombe, usitume ujumbe mrefu usiku. Halafu wiki hiyohiyo omba taarifa ya michango yako NSSF uone kama makato ya miaka yote yamefika. Usikisie, nimeona watu wazima wakilia kaunta. Wakikuachisha bila utaratibu, unazo siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, na siku hizo zinakimbia kuliko unavyodhani. Kama huna fedha ya wakili, nenda TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, ukaulize habari za kujiunga, au Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, wanatoa msaada wa kisheria.

Kuhusu huo mkataba wenyewe, kiti kilekile, saa zilezile, kompyuta yao, bosi yuleyule, wewe ni mfanyakazi hata ankara iandikwe kwa wino wa dhahabu. Sheria ya Taasisi za Kazi, kifungu cha 61, haitazami jina la mkataba. Inatazama nani anapanga saa zako, nani anakupa vifaa, kama unamtegemea mtu mmoja kwa kipato. Mkataba wa huduma wa kweli unakuachia saa zako na unakuruhusu kuhudumia wengine. Mkifika huko baada ya kulipwa haki zako, basi dai hayo mawili yaandikwe, dai malipo ya awali kabla ya kila kazi kubwa, na bei yako ibebe NSSF utakayojichangia, bima ya familia, umeme, na kodi ya zuio ya asilimia 5 itakayokatwa kwenye kila ankara. Ukikubali takwimu ya mshahara wa sasa kama bei ya huduma, umejipunguzia mshahara mwenyewe.

Mweleze mama watoto haya kwa hesabu, mkae na karatasi. Hajakosea kuogopa. Anaogopa ada za shule. Akiona siku 70 zimeandikwa pale, na notisi, na fao, atajua nusu shari iko upande gani.

Sasa fani.

Mimi niliingia kwenye usanifu wa kurasa mwanzoni mwa miaka ya 1990, magazeti binafsi yalipokuwa yanachipuka mjini hapa. Tulikuwa tunakata maandishi kwa wembe na kuyabandika kwa gundi juu ya meza yenye taa chini yake. Nilikuwa hodari wa wembe. Haikupita miaka mingi ikaingia PageMaker, programu ya kupanga kurasa kwa kompyuta, na wenzangu waliokuwa na mikono mizuri kuliko yangu wakarudi makwao. Mwaka 1999 ikaja InDesign, na PageMaker nayo ikafa. Kuna vijana niliowafahamu walijenga maisha yao yote juu ya Flash, programu ya picha zinazotembea mtandaoni, na Desemba 2020 Adobe wakaifunga. Nimezika programu nyingi, mwanangu. Kila mara aliyeumia zaidi alikuwa yule aliyejitambulisha kwa chombo. "Mimi ni mtu wa PageMaker," alikuwa anasema mmoja, kwa fahari kabisa, na alikuwa na haki ya kujivunia.

Waliobaki sikuwaona wakiwa wepesi kuliko wengine. Mmoja alikuwa mzito wa kompyuta mpaka tukawa tunamcheka. Lakini ndiye aliyekuwa anaitwa mtamboni saa nane usiku, rangi nyekundu ya ukurasa wa kwanza inapotoka kahawia, kwa sababu alijua karatasi ile ya gazeti inakunywa wino kiasi gani na nini cha kupunguza. Gazeti likitoka bovu, hasara ni nakala zote. Kosa lake lilikuwa ghali, basi na mtu wa kulizuia alikuwa na thamani. Nimelitazama jambo hili kwa miaka 30 na sijaona linapinda: kazi ambayo ikikosewa inafutwa na kurudiwa bure, bei yake inashuka hadi chini kabisa. Kazi ambayo ikikosewa mteja anapoteza fedha, anatafuta mtu wa kumwamini, na hajali ana miaka mingapi.

Kwa hiyo usijifariji na kile kidole cha sita. Programu hizi zilifika mikononi mwa watu wengi mwaka 2022, na tazama zimefika wapi. Kesho vidole vitakuwa vitano na Kiswahili chake kitanyooka. Kipicha cha mtandaoni cha Ijumaa njema mwachie kijana na mashine yake. Usishindane naye hapo, utachoka bure.

Wewe mwenyewe umetaja vifungashio, ukavipita haraka katikati ya orodha. Mimi nilisimama hapohapo. Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku, kila mwenye duka anahitaji mfuko wa kitambaa au karatasi wenye jina lake. Na nyuma yake kuna jeshi zima la akina mama na vijana wanaosindika unga wa lishe, asali, viungo, siagi ya karanga, sabuni. Nenda maonyesho ya biashara ya Sabasaba mwaka huu, usiende kutembea, nenda kusoma lebo. Utaona asali nzuri kwenye chupa ambayo jina lake halisomeki hatua mbili mbele. Utaona tarehe ya kuisha muda imewekwa pale karatasi inapopishana, ikafunikwa na gundi. Utaona msimbo wa mistari (barcode) unaoanza na 620 ya Tanzania umechapwa kwa mistari myekundu ili "upendeze", wakati kisomeo cha kaunta kinatumia mwanga mwekundu, kwa hiyo kwake mistari hiyo ni kama haipo. Bidhaa inarudishwa na supamaketi, na mama wa watu hajui kosa liko wapi.

Wewe unajua. Unajua herufi nyembamba zinazibika kwenye mfuko wa kitambaa. Unajua kijani cha kwenye kioo hakitatoka kijani kwenye karatasi ya kaki. Unajua kuacha milimita 3 za kukatia na kutoweka maneno kwenye mkunjo. Ongeza juu yake mahitaji ya lebo ya TBS, lile Shirika la Viwango, kama jina la bidhaa, viambato, uzito halisi, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, anwani ya mtengenezaji, uyajue kama unavyojua njia ya nyumbani. Mwenye mifuko 5,000 inayosubiri kuchapwa hataki dakika mbili. Anataka mtu atakayeweka saini yake kwenye sampuli ya kwanza na kusema, chapeni.

Sisemi ni rahisi. Hawa wateja ni wadogo, wanalipa kwa shida, wengine watakuomba uwafanyie kwa "ahsante". Utahitaji kumi kabla hujafikia mshahara mmoja wa sasa. Ndiyo maana nataka uanze ukiwa bado unakula mshahara, jioni na Jumamosi, mteja mmoja, wawili. Soma kwanza mkataba wako wa ajira unasemaje kuhusu kazi za pembeni, na wateja wa kampuni usiwaguse ukiwa ndani. Mji huu ni mdogo kwa jina lililochafuka.

Na kazi zako za miaka 12 ziko wapi? Nauliza nikijua jibu, ziko kwenye kompyuta ya ofisi. Usiibe mafaili, si yako. Omba kwa maandishi ruhusa ya kuonyesha kazi zilizokwisha kutoka hadharani, kisha pita madukani na mabarabarani uzipige picha zikiwa mahali pake, mfuko mkononi mwa mnunuzi, bango juu ya nguzo yake. Kwa kila moja andika mistari mitatu: mteja alikuwa na shida gani, ulifanya nini, nini kilizuiwa kisiharibike. Namba za simu za mafundi wa mitambo, wakata karatasi, wauza karatasi wa Kariakoo, ziandike kwenye daftari pia. Simu hupotea.

Rafiki yako anayekushauri kumficha kijana, msamehe, anakupenda. Ila usimsikilize. Mimi nilifundishwa Photoshop na binti niliyemzidi miaka 15, na nilimfundisha jinsi ya kukagua rangi mtamboni. Leo ana kampuni yake, na kati ya kazi nilizopata baada ya kustaafu nyingi zimepitia kwake. Ukimficha huyo dogo, atajifunza kwingine ndani ya miezi mitatu na atakumbuka ulimnyima. Mpeleke kiwandani, mwonyeshe pleti za kuchapia, mwache anuse wino. Naye akuonyeshe hizo programu zake, kila siku nusu saa, bila aibu. Zikufanyie michoro kumi ya mwanzo, wewe uchague ule mmoja wenye maana. Mkitoka hapo mnaweza kuwa timu. Akishindwa kazi ya mifuko atampigia nani?

Duka la vifaa vya ujenzi liache. Hujui bei ya nondo, umesema mwenyewe, na wanaoijua wamejaa Buguruni na Tabata.

Nimalizie na mzee wako, maana nimemfikiria tangu nilipoisoma barua yako. Unasema alivuka barabara na kuutazama ukuta kabla ya kushika brashi. Mwanangu, ile ndiyo ilikuwa kazi yake. Brashi ilikuja baadaye. Alikuwa anapima mtu wa kwenye daladala ataona maneno mangapi kabla gari halijapita, jua la saa tisa linapiga upande gani, mti utakua ufike wapi. Maduka ya kuprinti yalipofunguliwa yalijaa vijana wanaojua kubonyeza na wasiojua kupanga herufi, mpaka leo tunaona mabango yenye maneno 60 na namba tano za simu. Palikuwa na kiti chake mle ndani. Hakuna aliyemwita, naye hapakuwa na wa kumwambia kwamba anahitajika. Wewe nimekuambia.

Bila shaka yapo maandishi yake yaliyobaki, kwenye saluni ya zamani au ukuta wa duka ambao haujapakwa rangi upya. Jumapili moja mchukue mtoto wako mkubwa mwende Buguruni. Simameni alipokuwa anasimama, upande wa pili wa barabara, mpige picha. Kisha unitumie, nami ningependa kuyaona.

Shangazi yako.